Matundu ya Ukuta

Kamati ya shule imeniletea fomu:
jina, shahada, miaka ya kazi, tuzo.
Jumamosi watamkabidhi cheti, na mimi
niliyemtunzia hesabu miaka ishirini na miwili
ndiye wa kujaza.

Jina: Zihalirwa Ntakwinja, injinia.
Hapo kalamu haikusita.
Shahada: aliificha ndani ya mfuko wa sukari
mwaka ule tulipokimbia kupitia Panzi,
ikarudi pembe zimeliwa na panya,
muhuri umebaki.

Miaka ya kazi. Nianzie wapi?
Kampuni ya maji ilimlipa ahadi miezi kumi na minne.
Mwezi wa kumi na tano akashuka Nyawera
na koleo kuukuu, mita ya umeme, stuli ya kuazima,
akaketi kwenye kibaraza cha muuza viatu
akisuka upya nyaya za mota zilizoungua.
Umeme wa Bukavu ndio uliokuwa mshirika wake:
ukikatika, analala njaa;
ukirudi kwa hasira, unaunguza friji za mtaa mzima,
na kesho yake foleni inafika hadi kwa mshona nguo.
"Usiwaambie," alininong'oneza, "lakini huwa naomba urudi kwa hasira."

Kisha duka. Kisha karakana, mafundi tisa,
pampu za kupandisha maji ya ziwa hadi vilimani Nguba,
ankara zenye nembo,
na mimi nyuma ya dirisha la vyuma
nikihesabu franka zilizochoka kama matambara.

Hapo ndipo tulipoanza kugombana.
Kila mwisho wa mwezi hesabu ilivuja.
Saruji, mifuko arobaini: Funu.
Nondo: Funu.
Mchanga, vibarua, chai ya vibarua: Funu.
Karo ya watoto wanane wasio na majina,
ameandika tu, "wale wa dawati la nyuma".
Nikambwagia daftari mezani:
Injinia, biashara hii ina matundu!
Akacheka. Akachukua mwavuli, akanipa mimi,
yeye akalowa,
tukapanda ngazi za udongo za Kadutu
mpaka shule ile inayoning'inia mlimani
kama shati lililosahaulika kambani.

Nyuma ya darasa la tano, ukuta wa mawe.
Ukutani, safu za matundu,
kila tundu na bomba lake fupi,
kila bomba likitema maji ya tope.
"Ukuta usio na tundu," alisema,
"hubeba maji mgongoni kimyakimya.
Mlima unauegemea, unauegemea,
usiku mmoja unalala juu ya watoto.
Nawe waniambia nizibe."

Sikukubali. Nilirudi nikaandika: saruji, hasara.

Halafu ukaja usiku ule wa Aprili.
Nyumba kumi na moja zilishuka hadi mtoni,
na ya shangazi yangu ilikuwa ya nne.
Alfajiri nilipanda, viatu mkononi,
sijui namtafuta nani kwanza.
Ukuta ulikuwapo, ukitema.
Darasani watu walilala juu ya madawati,
shangazi kati yao, amekumbatia sufuria.
Na Injinia nje, suruali imekunjwa magotini,
anachokoa kwa nondo tundu lililozibwa kwa gunzi la muhindi
huku akiwafokea wanafunzi:
"Nani? Nasema, nani huyu?"

Nisiseme mazuri tu.
Maabara aliyoiahidi haina paa hadi leo;
mbia wake alivuka mpaka na amana,
na migomba imeota pale pa darubini.
Mafundi wawili hawajamsamehe mshahara wa Desemba.
Fomu haina mahali pa hayo.

Ijumaa jioni nikairudisha.
Prefe akavaa miwani, akasoma polepole,
kidole kikasimama kwenye mstari wa tuzo.
"Mama Faida, hapa umeacha tundu."
Nikamwambia, liache.